Plagi huuzwa kwa namba, si kwa jina la gari

Katika maduka ya vipuri vya magari ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, kama ilivyo katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, plagi ni miongoni mwa bidhaa zinazotoka haraka. Mteja huingia na kuuliza swali moja tu: "Plagi za Premio zipo?" Muuzaji naye hageuki nyuma. Huvuta boksi lililo karibu, huhesabu nne, hupokea fedha na biashara imekwisha. Huo ndio utaratibu uliozoeleka, na ndio unaowatia hasara wenye magari madogo ya biashara bila wao kujua hasara hiyo imetokea wapi.

Premio yenyewe inatosha kuwa mfano. Zile za toleo la kwanza, zilizotengenezwa Japani kati ya mwaka 2001 na 2007 na kuja kwa wingi huku kama magari yaliyokwishatumika, ziliwekwa injini za aina tatu. Ipo ya 1NZ-FE yenye ujazo wa lita 1.5, ipo ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, na ipo ya 1AZ-FSE ya lita 2.0 ambayo watu wengi huiita D-4. Hii ya mwisho hurushia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, haiichanganyi na hewa njiani kama wenzake wawili, na plagi yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mteja anayetaja Premio hajasema lolote la kumwezesha muuzaji kumhudumia. Aliyestahili kutajwa ni injini, na jina lake limeandikwa kwenye kibati kilichopigwa ndani ya boneti. Kukisoma hakuchukui hata dakika moja.

Muuzaji anayeuza bila kuuliza namba ya injini hafanyi biashara ya vipuri. Anafanya bahati nasibu, na tiketi inalipwa na mteja.

Inafaa ieleweke plagi hutofautiana kwa mambo gani, maana wengi hudhani kila inayoingia kwenye tundu ni sahihi. La kwanza ni unene wa meno. Magari madogo mengi hutumia milimita 14, ingawa zipo injini za milimita 12 na nyingine za milimita 10. Hapo hakuna udanganyifu mkubwa kwa sababu isiyolingana haiingii. La pili ni urefu wa meno, na hapo ndipo maafa yanapoanzia. Zipo za milimita 12.7, zipo za milimita 19 ambazo ndizo za kawaida, na injini nyingi za siku hizi zinatumia za milimita 26.5. Zote zinaweza kuwa na unene ule ule wa milimita 14, na kwa hiyo ndefu itaingia mahali pa fupi bila kugoma. Ikiingia, ncha yake hutokeza ndani ya silinda kuliko ilivyokusudiwa, na pistoni ikipanda inaweza kuigonga. Hata isipogongwa, meno yaliyobaki wazi hupata moto mkali na kushika masizi, na siku ya kuifungua hutoka na meno ya silinda hedi. Fupi nayo ikiwekwa mahali pa ndefu, cheche hutokea ndani ya shimo badala ya katikati ya mchanganyiko wa petroli na hewa, na meno ya hedi yaliyobaki bila kazi hujaa masizi hadi plagi sahihi itakapokataa kuingia.

Silinda hedi za magari haya ni za alumini. Meno yakishachunwa, mwenye gari ana njia mbili: kutafuta fundi wa kuchonga na kuweka kichaka kipya, au kutafuta hedi nyingine. Ni gharama kubwa, na chanzo chake ni kipuri ambacho mwenye duka alipata faida ya shilingi mia chache tu.

Jambo la tatu, ambalo halionekani kwa macho, ni joto la plagi. Kila plagi imepimwa uwezo wake wa kuondoa joto kutoka kwenye ncha na kulipeleka kwenye hedi. Ncha ikiwa chini ya nyuzi joto 500 hivi haiwezi kuchoma masizi yanayoikalia, na cheche hupotea. Ikizidi nyuzi 850 hivi inakuwa kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni hutoboka. Plagi inayoondoa joto haraka huitwa ya baridi, na inayochelewa huitwa ya moto. Hatua moja tu katika namba za NGK hubadili joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100, kwa hiyo anayeruka hatua mbili au tatu hafanyi mzaha mdogo.

Sasa tatizo la mwenye duka ni kwamba viwanda havihesabu kwa namna moja. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Tena NGK na Denso wenyewe, ingawa wanakwenda upande mmoja, hawatumii namba zinazofanana: 5 ya NGK ni sawa na 16 ya Denso, na 6 ni sawa na 20. Kwa mfano, ile plagi ya zamani iliyozoeleka ya NGK inayoandikwa BP6ES inalingana na W7DC ya Bosch na N9YC ya Champion. Yaani 6, 7 na 9 hapo ni kitu kimoja. Kijana wa dukani aliyeambiwa kwamba "namba ikifanana ni ile ile" atamuuzia mteja wa 6 ya NGK plagi ya 6 ya Bosch, akiamini kwa moyo safi kwamba amemhudumia vizuri.

Herufi nazo zina maana. Plagi inayotumika kwenye 1NZ-FE, injini iliyo ndani ya IST, Fielder, Probox na nyinginezo nyingi zinazofanya kazi ya teksi mijini, ni K16R-U11 ya Denso au BKR5EYA-11 ya NGK. Katika hiyo ya Denso, K inaeleza umbo: meno ya milimita 14, urefu wa 19 na nati ya spana ya 16. Namba 16 ni joto. R ni alama kwamba ndani mna kizuizi cha umeme, na 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1 kati ya elektrodi mbili. Ile R wengi huipuuza. Katika magari ya kabureta ya zamani, kuikosa kulileta mikwaruzo kwenye redio na basi. Katika gari linaloendeshwa na kompyuta, mawimbi ya cheche isiyozuiwa yanaweza kuvuruga kompyuta yenyewe, na mwenye gari ataanza kununua sensa moja baada ya nyingine.

Ikumbukwe kuwa anayeumia hapa mara nyingi si mtu tajiri. Ni mwalimu au muuguzi aliyekopa, akanunua gari la mkono wa pili na kumkabidhi dereva kwa mkataba, akisubiri hesabu kila jioni. Gari likilala gereji hesabu hailetwi, lakini marejesho ya mkopo hayasubiri. Injini ikianza kumisi silinda moja kati ya nne, dereva huendelea kufanya kazi kwa sababu gari bado linatembea. Petroli ya silinda ile haiungui. Inatoka mbichi hadi kwenye bomba la moshi na kuungulia ndani ya masega, ambayo huyeyuka na kuziba. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei yake haifanani hata kidogo na ya plagi nne. Mwekezaji mdogo ambaye aliona ameokoa fedha kwa kununua plagi rahisi ndipo anapoambiwa gari "limekosa nguvu" na kwamba lisukumwe sokoni likiwa bado linaendeshwa.

Lipo suala la plagi bandia, ambalo kila mwenye duka analijua na wachache wanapenda kulizungumza. Boksi huwa na rangi zile zile na jina lile lile. Anayetazama vizuri anaweza kugundua: maandishi kwenye kauri nyeupe yana ukungu au yamepinda, meno yamechongwa kwa ukali badala ya kuviringishwa hadi yakawa laini, pete ya kuzibia inalegea na kutoka kwa vidole, na elektrodi ya pembeni haikai sawasawa juu ya ile ya katikati. Ndani ya nyingi hakuna kile kizuizi kinachodaiwa na herufi R, jambo ambalo fundi mwenye mita ya umeme anaweza kulipima hapo hapo juu ya kaunta, kwa kuwa plagi halisi ya aina hiyo kwa kawaida huonyesha omu elfu kadhaa. Kadhalika zipo plagi zilizotolewa kwenye injini kuukuu, zikasuguliwa kwa brashi ya waya na kurudishwa kwenye boksi. Brashi ya waya huacha unga wa chuma juu ya kauri, na umeme hupita juu ya unga huo badala ya kuruka mwanya.

Sheria si kwamba hazipo. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia kukamata bidhaa bandia, na Shirika la Viwango lina kazi yake. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008 na kuiundia chombo maalumu. Lakini kesi ya plagi nne hakuna atakayeipeleka popote, na wauzaji wa bandia wanalijua hilo. Kinga inayobaki ni stakabadhi yenye namba kamili ya plagi. Duka linalokubali kuandika "K16R-U11, pisi 4" na kupiga muhuri limejifunga. Linaloandika "plagi" peke yake limejiachia mlango wa kutokea.

Katika miaka ya karibuni kaunta zimejaa neno iridiamu, na wateja wanaambiwa kwamba ndiyo plagi bora kwa gari lolote. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, wakati iridiamu hustahimili hadi kupita 2,400. Ndiyo maana elektrodi ya iridiamu inaweza kufanywa nyembamba kama sindano, milimita 0.4 hadi 0.6, ikatoa cheche kwa umeme mdogo na isilike haraka. Plagi ya nikeli hutarajiwa kwenda kilomita 20,000 hivi. Ya iridiamu ya muda mrefu inaweza kufika 100,000.

Madini hayo hupatikana kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, yakichimbwa pamoja na platinamu, na soko lake ni dogo, kwa hiyo bei huruka. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilikuwa chini ya dola 2,000 kwa aunsi. Mwaka 2021 ikapita dola 6,000. Wauzaji wengine hupenda kuitumia habari hiyo kueleza kwa nini bei za dukani hupanda. Hesabu haiwaungi mkono sana. Kwa bei ya dola 6,000, miligramu moja ya iridiamu ilikuwa na thamani ya takriban senti 19 za Marekani, na ncha ya plagi ni kipande cha miligramu chache tu. Usafirishaji, ushuru na thamani ya shilingi mbele ya dola vina uzito mkubwa zaidi katika bei anayolipa mteja wa Kariakoo.

Je, inalipa? Ichukuliwe teksi inayotembea kilomita 200 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 5,000, kwa hiyo seti ya nikeli itakaa miezi minne na ya iridiamu miezi 20. Kwa mfano tu, plagi ya nikeli ikiuzwa shilingi 6,000 na ya iridiamu shilingi 30,000, na fundi akilipwa shilingi 10,000 kila anapofungua, basi katika miezi 20 nikeli itahitaji seti tano kwa shilingi 120,000 na ufundi wa shilingi 50,000, jumla shilingi 170,000. Iridiamu itagharimu shilingi 120,000 na ufundi wa 10,000, jumla 130,000. Tofauti ni shilingi 40,000, sawa na shilingi 2,000 kwa mwezi. Si kidogo wala si utajiri.

Hesabu hiyo, hata hivyo, imesimama juu ya sharti moja kubwa, kwamba plagi ile ni iridiamu kweli. Bandia ya shilingi 30,000 ikifa baada ya miezi mitatu imekula faida yote na kupita. Na kwa kuwa faida ya mtengeneza bandia iko kwenye bidhaa ya bei kubwa, ni iridiamu inayomvutia, si nikeli. Kwa mwenye teksi ambaye hana duka analoliamini, nikeli halisi yenye namba sahihi, inayobadilishwa kwa wakati, ni uamuzi wa busara kuliko iridiamu ya mashaka. Isipokuwa pale ambapo mtengenezaji wa gari mwenyewe ameagiza iridiamu. Hapo hakuna cha kujadili, na kurudi nyuma kwenye nikeli ni kuongeza kazi ya koili ambazo bei yake inajulikana. Aidha mwanya wa iridiamu usirekebishwe kwa kugongagonga kama mafundi walivyozoea, kwani ile sindano hukatika.

Mafundi nao wana sehemu yao. Ni desturi iliyoenea kwamba fundi anayempeleka mteja dukani hupewa chochote na mwenye duka, na chochote hicho huwa kikubwa zaidi kwenye bidhaa ambayo duka limeipata kwa bei ya chini. Haishangazi basi kwamba ushauri wa fundi mara nyingi huishia kwenye boksi lile lile. Wapo pia wanaokaza plagi kwa nguvu zote za mkono kana kwamba ni nati ya gurudumu. Plagi mpya ya pete huingizwa kwa vidole hadi ikae, injini ikiwa imepoa, kisha spana huongeza nusu mzunguko au zaidi kidogo, basi. Kuipaka grisi meno ni kuyafanya yakaze kupita kiasi bila mkono kuhisi.

Na si kila kumisi ni plagi. Katika injini ambazo plagi hukaa chini kwenye visima, gasketi ya kifuniko cha valvu ikichoka oili hushuka na kujaa humo, koili ikaharibika, na seti tatu za plagi zikabadilishwa bure. Plagi iliyotolewa ni ushahidi, na mwenye gari anastahili kuitazama kabla haijatupwa: ya rangi ya kahawia hafifu imefanya kazi vizuri, nyeusi na kavu inalalamikia petroli nyingi, yenye majimaji ya oili inaeleza habari za ringi au valvu, nyeupe iliyobabuka imepata joto kupita kiasi. Kauri iliyopasuka mara nyingi ni dalili ya injini kugonga, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya hivyo hivyo, tatizo ambalo Tanzania iliamua kulikabili kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta kuanzia mwaka 2010.

Kwa upande wa mfanyabiashara, tabia ya kujaza rafu kila aina "ili mteja asikose" ndiyo inayofunga mtaji. Duka dogo lingefanya vyema kuhesabu kwanza injini zinazopita mtaani kwake. Penye teksi nyingi za 1NZ-FE, katoni chache za namba moja zitazunguka mara nyingi kabla ya dazeni moja ya plagi za magari ya fahari kupata mteja wa kwanza. Penye bodaboda, pikipiki nyingi za Kichina za muundo wa CG125 hutumia D8EA yenye meno ya milimita 12, na kipuri hicho kinatoka kila siku. Daftari la ulinganifu wa namba za viwanda, lile halisi la mtengenezaji, liwe juu ya kaunta na si kwenye droo ya bosi.

Wanaoagiza kwa jumla wana jambo la ziada la kuangalia. Denso, iliyotengana na Toyota mwaka 1949, na NGK ya Nagoya, ambayo tangu mwaka 2023 inajulikana nje kwa jina la Niterra, ndizo zilizoshika kaunta za huku kwa miaka mingi kama washindani. Mwaka huo huo wa 2023 zilitangaza mpango wa Denso kuikabidhi Niterra biashara yake ya plagi. Mwagizaji ambaye amekuwa akipata bei nzuri kwa kumtishia wakala mmoja kwamba atakwenda kwa mwingine anapaswa kujua kwamba tishio hilo linaweza kupungua makali, na kwamba kipindi cha mabadiliko ya maboksi na nembo ndicho wauzaji wa bandia hukisubiri, kwa sababu mteja akiona boksi geni huambiwa kwamba "hii ndiyo mpya iliyotoka". Kabla ya shehena ijayo, orodha ya mawakala walioidhinishwa iulizwe kutoka kiwandani kwenyewe, kwa maandishi, na jibu lake libandikwe dukani mahali ambapo mteja anaweza kulisoma.